Jiwe la Kichwani

Makaburi yetu yako juu ya mgongo wa kilima, kati ya vijiji viwili visivyopendana. Ukisimama pale ukatazama kusini unaona mabati ya kwetu. Ukigeuka kaskazini, ng'ambo ya kijito, unaona mabati ya kwao. Chini kidogo kuna kanisa la matofali ya kuchoma, na ua wake umezungushiwa minyaa, kama makaburi yenyewe. Katika wilaya ya Tarime sijaona mahali pengine penye makaburi ya zamani kiasi kile, maana Wakurya humzika mtu wao nyumbani. Makaburi ya pamoja yalikuwa ya watu waliokosa nyumba.

Wa kwanza walikuwa wabatizwa wa mwanzo, waliofukuzwa na baba zao kwa kukataa matambiko. Wakafuata wapita njia: vibarua waliochonga barabara, na fundi cherehani mmoja Mwislamu aliyekuwa akienda Mugumu akashikwa na homa hapa. Wazee husimulia kwamba Wakristo walichimba shimo, kisha wakakaa chini wakisubiri mpaka mwenzake alipofika kuwaonyesha kibla. Baadaye wakaanza kuletwa waliouawa. Mtu akifa kwa panga au mshale katika ugomvi wa ng'ombe, wazee wa pande zote mbili hawakutaka damu ile ipite kwenye lango la boma. Alipelekwa kilimani, awe wa kwetu au wa kwao.

Ndipo ikaanza kanuni ya kilima. Kwa desturi mwanamume hulazwa kwa ubavu wa kulia. Wachimbaji waliona kwamba ukimweka kichwa magharibi, uso wake unatazama kusini, kwetu. Ukimweka kichwa mashariki, anatazama kaskazini, kwao. Basi kila aliyeuawa alilazwa akitazama nyumbani, na penye kichwa likasimikwa jiwe refu lisilochongwa. Hakuna majina. Ukitaka kujua mtu ni wa upande gani, unaangalia jiwe liko mwisho upi. Na palikuwa na kanuni nyingine: panga halikuinuliwa kati ya mawe yale. Aliyekimbizwa akifika humo, waliomfukuza walisimama kwenye minyaa wakamtukana mpaka wakachoka, wakarudi makwao.

Watu wanapapenda. Mwalimu wa shule ya msingi huwaleta wanafunzi wake wakahesabu mawe. Wengine huja tu kukaa, kwa sababu ya upepo, na kwa sababu mishubiri ikichanua kilima kizima kinakuwa chekundu. Mimi pia napapenda. Kaburi moja tu la safu ya mwisho ndilo lililonitesa. Halikuwa na jiwe upande wowote. Watu waliliita kaburi la mwizi. Aliyelala humo hakuwa mwizi, na mimi nilijua, na kwa miaka kumi na sita nilinyamaza.

Sikuzaliwa Tarime. Nilitoka upande wa Natta, Serengeti, nikiwa nimemaliza darasa la saba, na nilipofika miaka kumi na tisa niliolewa na mwanamke. Huku si ajabu. Wanaita nyumba ntobhu. Mama mmoja mjane, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume, alinitolea ng'ombe wa mahari ili nimzalie watoto wa nyumba yake. Watoto hao ni wake na ni wa jina la marehemu mumewe. Mwanamume anayewazaa hana jina mbele ya ukoo. Haitwi mume, haitwi baba. Akija anakuja, akiondoka ameondoka. Akifa, mwanamke hana ruhusa ya kumlilia kama mjane.

Mama hakuwa mtu mbaya. Aliongea kwa ukali, lakini nyama nzuri ya kwenye sufuria alinipa mimi. Nilimwita Mama mpaka siku alipokufa.

Mwanamume niliyekaribiana naye alikuwa mchimba makaburi wa kilimani. Alitoka ng'ambo ya kijito, lakini kwa kazi yake pande zote mbili zilimruhusu kupita. Alikuwa mrefu, mikono yake migumu kwa mtaimbo, akivaa sweta moja la bluu na raba buti kila siku ya Mungu. Alijua kila aliyelala kule. Alinitembeza kati ya mawe akaniambia, "Huyu alikufa akiiba, huyu alikufa akilinda, na huyu hata hajui alikufa kwa nini, alikuwa anaenda kisimani." Kisha akacheka. "Wakiwa juu wanakatana. Wakifika kwangu, kila mmoja anataka tu nisikosee kichwa."

Tulipata mtoto wa kike. Alipofika miaka minne alimwita yule mwanamume Mgeni, kwa sababu ndivyo Mama alivyomfundisha.

Mwaka ule ng'ombe walikuwa wakiibwa kila wiki, huku na huko. Mvulana wa kwao aliuawa kwa mshale malishoni. Kwetu mzee alikatwa mkono akiwa shambani kwake, na ule mkono hawakuuona tena. Wanaume walilala na pinde karibu. Na mimi nilianza kumtilia shaka yule mwanamume. Mgeni alikuwa haji kwa majuma mawili. Wanawake walinong'ona kisimani niwasikie: "Anayezoea nyumba ndiye anayejua lango." Nilijibu kwa matusi, lakini neno liliingia.

Asubuhi moja nilitoka kukamua. Kulikuwa kumekucha, ila ukungu ulikuwa mzito. Niliona ua wa zizi umefunguliwa pembeni, na ng'ombe wanatoka mmoja mmoja bila kelele, na nyuma yao kuna mtu. Niliangusha kibuyu nikapiga yowe.

Asiyejua kwetu hajui yowe ni nini. Ni sauti ya mwanamke ya kuita wanaume kwa ng'ombe walioibwa. Ukilipiga, jirani analipokea, na jirani yake analipokea, na kabla hujavuta pumzi mara ya pili limeshavuka kilima. Haliulizwi. Hakuna neno la kulirudisha.

Yule mtu aligeuka. Akainua kiganja, kama mtu anayesema subiri. Nikaona sweta la bluu. Nikaona raba buti.

Hapa ndipo pa kusema ukweli, na nimepazunguka miaka mingi. Yowe la kwanza nilipiga bila kujua. Nilipomtambua ningeweza kumkimbilia. Ningeweza kusimama naye pale, wanaume wafike watukute wawili, na labda wangeuliza kwanza. Lakini nilisema moyoni, kumbe ni kweli. Nikapiga yowe la pili, kubwa kuliko la kwanza. Wanaume walipofika wakipiga kelele "Wapi? Wapi, mura?" kama vijana wa Kikurya waitanavyo, nilinyoosha mkono kuelekea kilimani nikasema, "Kule!"

Hakuwapeleka ng'ombe kijitoni, kwa upande wa kwao. Aliwapandisha mbio mpaka ua wa kanisa, akawaingiza, akafunga lango kwa kamba yake ya kushushia majeneza. Niliona kwa macho yangu maana nami nilikuwa nakimbia nyuma ya wanaume. Mshale wa kwanza ulimpata pajani akiwa bado anafunga fundo. Alilimaliza. Kisha akaruka minyaa akaingia makaburini, anachechemea, anashika jiwe moja kisha lingine.

Wazee waliposimama kwenye minyaa kwa desturi, vijana hawakusimama. Mmoja alisema, "Mwizi hana makaburi." Wakaingia. Alikuwa amefika safu ya mwisho, ameegemea jiwe la mtu aliyemzika mwenyewe. Akasema kwa Kikurya, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niulizeni kwanza." Panga la kwanza lilimkata kiganja alichoinua. La pili lilitua begani na likanasa, aliyelishika akaweka mguu kifuani mwake ili alichomoe. Baada ya hapo sikuhesabu. Nakumbuka sauti ya chuma ikigonga jiwe pale walipomkosa. Alama zipo mpaka leo kwenye jiwe lile. Wanafunzi huuliza ni maandishi ya nini.

Hatukumaliza hata kurudi nyumbani. Watu wa ng'ambo walishuka kama sitini wenye mapanga na sime, wakafika moja kwa moja kwenye zizi letu, wakakuta tupu. Walipopata habari kwamba mtu wao ameuawa kati ya mawe, mahali ambapo hapauawi mtu, walianza kuchoma. Nyumba yangu iliungua na ya Mama pia. Jirani yetu alichomwa sime mlangoni kwake, akakaa chini akishika matumbo yake kama mtu aliyebeba nguo za kufua. Walipigana mpaka adhuhuri, askari walipofika na magari.

Nilimkuta Mama amekaa juu ya jiwe la kusagia, nyuma yake nyumba inawaka. Mtoto alikuwa mapajani pake. Aliniuliza, "Nani alipiga yowe?"

Nikasema, "Mimi."

"Alipita kwangu kabla hujaamka," akasema. "Aliniambia watu wa kwao wanakuja asubuhi hii. Akasema, Mama, nipe ng'ombe niwafiche kanisani. Wakikuta zizi tupu watarudi, hakuna atakayekufa. Nikampa. Wewe sikukuamsha, mtoto alikuwa na homa."

"Mbona hukupiga kelele?"

"Nilipiga. Nilisema, ni mtu wangu, ni mtu wangu. Nani atasikia kizee ndani ya yowe?"

Nikataka kwenda kuwaambia wanaume. Alinishika mkono, akaniumiza kwa kucha. "Utawaambia nini? Kwamba wamemuua bure ndani ya makaburi? Waliomwaga damu leo watakubali? Watasema umewauza na wewe. Wana panga mkononi bado. Nyamaza ulee huyu."

Nilinyamaza.

Alizikwa jioni ileile, kwa haraka, askari wakiwa wamesimama karibu na magari. Wa kwao hawakuweza kuvuka. Mimi nilisimama nje ya minyaa na ndoo kichwani kama mtu anayepita. Waliokuwa wakichimba waliulizana aelekee wapi, na mmoja akajibu, "Mwizi hana kwao." Wakamlaza kifudifudi, asitazame kusini wala kaskazini. Jambo hilo halikuwahi kufanyika kilimani. Hawakusimika jiwe. Niliona raba buti ikiingia mwisho, upande wa magharibi.

Kwetu ilisemwa kwamba alificha ng'ombe kanisani akisubiri wenzake. Kwao ilisemwa kwamba alitangulia peke yake kwa uroho, akawaharibia, wakafa watu. Hakuna upande uliomtaka. Mtoto wangu nilimpeleka Natta kwa mama yangu, akasoma huko na kukua huko. Alirudi akiwa msichana mkubwa, sasa anauza vitenge kwenye kibanda Nyamisangura, mjini Tarime. Hakuwahi kuniuliza baba yake ni nani. Alikuwa na jina la marehemu mume wa Mama, na jina lilimtosha. Waliojua hawakusema, kwa heshima ya Mama. Mama alikufa mwaka jana, na siri akaniachia mimi.

Tangu amani irudi, vijiji viwili hufyeka makaburi pamoja mara moja kwa mwaka, baada ya mvua ndefu. Wa kwetu wanaanzia kusini, wa kwao kaskazini, wanakutana katikati, kisha tunakula ugali wa mtama na nyama. Mwaka huu binti yangu alikuja. Alisema amesikia siku hiyo ina raha.

Na ilikuwa na raha, sitadanganya. Vijana walitaniana kuvuka mawe.

"Nyie wa ng'ambo, mnafyeka au mnamnyoa mtoto?"

"Sisi tunafyeka polepole, mura, tuwaachie nyasi kidogo ng'ombe wenu. Tukiwakuta zizini safari hii."

"Jaribu. Safu hii bado ina nafasi."

Walicheka wote, na wazee wakacheka kwa kutazama pembeni. Katekista anayetunza kilima alikuwa akinoa mafyekeo. Kwa upande wa kwao alikuwepo mdogo wa marehemu mchimba makaburi, mwanamume wa miaka hamsini hivi. Kila mwaka alifyeka makaburi yote ya kwao, na kila mwaka alipofika safu ya mwisho aligeuza.

Nyasi zilizokatwa zilipaswa kutupwa korongoni. Lakini vijana wamezoea kuzirundika juu ya kaburi la mwizi, maana ni karibu. Nilikuwa nimezoea kuona hivyo. Kila mwaka nilisubiri watu waondoke, kesho yake nikaja peke yangu nikaziondoa. Mwaka huu niliinua macho nikaona binti yangu anakuja na kifurushi cha nyasi ndani ya kanga yake. Kijana mmoja akamwambia, "Dada, mfunike vizuri, asije akatoka akaiba nyama yetu." Binti yangu akacheka. Akamwaga nyasi, akazikanyaga kwa mguu zishuke, mara mbili.

Nilisikia sauti inatoka na kwanza sikujua ni yangu.

"Toa mguu. Huyo ni baba yako."

Binti yangu alidhani nimechanganyikiwa. Nikaenda nikasimama mbele ya wote nikasema, na sikusema vizuri, nilirudia maneno. Nilisema Mama alimpa ng'ombe kwa mkono wake. Nilisema alitaka zizi liwe tupu ili watu wasife. Nilisema yowe nilipiga mimi.

Mdogo wake alikuja na fyekeo mkononi. "Ulijua ni yeye?"

"La kwanza sikujua."

"Kwani yalikuwa mangapi?"

"Mawili. La pili nilijua."

Alinipiga kwa mpini. Niliinua mkono, mfupa ukavunjika nikausikia. Nilipoanguka alinipiga tena mgongoni, na akageuza fyekeo, chuma kikawa upande wangu. Wa kwetu walikuwa tayari na mapanga, wa kwao pia, watu walewale waliokuwa wakitaniana, na nyama hata haijaiva. Kijana aliyekuwa akitania alikuwa amemkaba mtu shingo. Katekista alipiga kelele hakuna aliyemsikia. Nililala pale nikaona wazi kabisa kwamba nimepiga yowe la tatu.

Aliyewazuia ni binti yangu. Hakupiga kelele. Alipiga magoti akaanza kuondoa nyasi juu ya kaburi kwa mikono, haraka haraka, akizitupa popote, nyingine zikawaangukia wanaume miguuni na usoni. Ilibidi warudi nyuma kumpisha. Ukirudi nyuma huwezi kuendelea kukata mtu. Mmoja alishusha panga, kisha mwingine. Mzee mmoja wa kwetu, mwenye mvi sasa, ambaye asubuhi ile ya yowe, akiwa kijana, aliweka mguu kifuani mwa mtu, aliinama akachukua konzi ya nyasi, akasimama nazo hajui azipeleke wapi.

Mdogo wa marehemu alikuwa akihema. "Kichwa kiko wapi?" akaniuliza.

"Mashariki. Niliona buti ikiingia upande huu."

"Basi anatazama kwetu."

Ningeweza kumwachia hapo. Nikasema, "Hapana. Walimlaza kifudifudi."

Aliuma midomo. Nilidhani atanimaliza. Mzee mwenye nyasi akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli. Tulimlaza hivyo."

"Kifudifudi hatazami popote," akasema katekista. "Kumfukua ni mpaka kibali."

Mdogo wake alitupa fyekeo. "Ndiye aliyechimba nusu ya hawa wote," akasema. "Kugeuka hatashindwa." Akashuka korongoni, akarudi ameinamia jiwe refu, analiviringisha kwa magoti. Binti yangu alikwenda kumsaidia. Nami nilijaribu kwa mkono mmoja. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenipisha. Wakalisimika mashariki, wakashindilia udongo kwa visigino.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka zahanati, nyuma ya pikipiki, mimi katikati yake na dereva. Tulipokuwa benchini tukisubiri nifungwe mkono aliuliza, "La pili ulilipigia nini?"

"Niliamini ni mwizi."

"Mtu wako?"

"Mtu wangu."

Alirudi Nyamisangura kesho yake. Mkono wangu umeunga vibaya, siwezi kuinua ndoo kwa upande huo. Jumapili iliyopita nilimwona akishuka barabarani na sweta la bluu mikononi, kama lile la Mgeni, ila jipya, limekunjwa. Alisimama langoni akasema, "Shikamoo, mama," nami nikaitikia. Hakuingia. Alipanda kilimani peke yake, na mimi nilibaki pale nikimtazama mpaka alipofika kwenye minyaa.